Rangi ya Heshima katika Msitu wa Solole

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Ni kwamba ipo sheria inayokataza kuitaja nchi hiyo kwa ubaya, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuelezwa ubaya huo unaanzia wapi, sisi raia wema tumeona heri tusiitaje kabisa. Nitasimulia yaliyotokea tu, nanyi msiongeze kitu.

Katika nchi hiyo kuna msitu uitwao Solole, na ndani yake wanaishi watu waitwao Wasolole. Kama msitu ulipewa jina lao au wao walipewa jina la msitu, wataalamu wa serikali bado wanachunguza. Wasolole hufuga nyuki. Mizinga yao huitundika juu ya mivule na mikangazi, na kila mti mkubwa una jina la mtu, maana mwenzao akifa humzika chini ya mti, na mti huo hurithi jina lake. Ukimuuliza Msolole babu yake yuko wapi, haonyeshi mbinguni. Anaonyesha mti.

Serikali iliwapenda mno watu hawa. Kila kiangazi, ili kuwakinga na hatari ya moto wa msituni, ilituma askari kuzichoma nyumba zao. Moto wa serikali una utaratibu. Si kama ule wa ajali. Nyumba zikishakuwa majivu askari waliondoka, Wasolole wakajenga upya, na serikali ikapata nafasi ya kuwapenda tena mwaka uliofuata.

Aliyechomewa kuliko wote alikuwa mjane aitwaye Sareto, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, aliyerina asali kwa mikono yake tangu mumewe alipofariki. Wenzake walimpa kazi ya kuwasemea. Si kwamba alipenda kusema, ila hakuna aliyewahi kumsikia akilikana leo alilolisema jana. Jirani yake alikuwa shemeji yake Lobiku, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa mizaha, ambaye alianza kucheka kabla hajafika katikati ya kisa chake mwenyewe.

Sasa, kiangazi kimoja askari hawakuja. Badala yake lilikuja gari la wizara limepakia kreti za soda. Vijana waliovaa mashati meupe wakateremka, wakawaamkia wazee shikamoo, wakagawa soda kwa mikono miwili.

Hapo ndipo watu walipoogopa.

"Shemeji," Lobiku alinong'ona, "wametuletea soda."

"Nimeona."

"Za baridi."

"Nimeona, Lobiku."

"Basi tumekwisha."

*

Sababu ya soda ilikuwa hii. Mtukufu Rais alikuwa amekwenda ng'ambo kwenye mkutano wa mataifa, na katika hotuba yake alisema kwamba misitu ya nchi yake itasimamiwa na wenyeji wa misitu hiyo. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Mtukufu alikuwa amezoea makofi, lakini hayo yalikuwa ya kwanza kupigwa na watu wasioamriwa, akayaona matamu sana. Akairudia sentensi ile. Wakapiga tena. Aliporudi nyumbani, ahadi ilikuwa imeshatangulia kufika, na wageni nao walikuwa njiani kuja kuona ikitimizwa.

Bahati nzuri, njia ilikuwapo. Miaka mingi nyuma, wakili mmoja aitwaye Hidaya Ngonde aliwapigania Wasolole mahakamani na akashinda. Hukumu yake ikahifadhiwa mahali salama, salama kiasi kwamba hata mahakama yenyewe haikuweza kuipata. Sasa ikapatikana kwa asubuhi moja.

Hidaya akaenda Solole na viatu vyake vya mjini, akakaa kwenye kigoda cha Sareto, na hakuigusa soda aliyopewa.

"Mama," alisema, "haki hii ni ya kweli. Nimeipigania tangu sina mvi. Lakini sijawahi kuona mwizi akikurudishia ng'ombe wako huku anakutafutia na kamba ya kumfungia."

"Tukatae?"

"Mkikataa watasema mlipewa mkakataa. Kubalini. Ila kila watakapokanyaga, nanyi kanyageni."

*

Ikaundwa Tume. Kwetu hakuna jambo linaloharibika kabla halijaundiwa tume. Ilipiga hema lake pembeni mwa msitu, ikaweka viti vyenye mito, na mwenyekiti wake akaeleza kwamba haki itatolewa kwa wale tu watakaothibitisha kuwa wanaishi msituni.

Lobiku aliitwa wa kwanza.

"Unaishi wapi?"

"Humu msituni, Mheshimiwa. Kama nyuki."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma, akawaashiria askari. Kumbe kuishi msituni ni kosa la jinai, na Tume isingeweza kufumbia macho kosa lililokiriwa mbele yake. Lobiku akatiwa pingu akiwa bado anatabasamu, akidhani hayo nayo ni sehemu ya sherehe.

Wa pili, kwa kuona hayo, akasema haishi msituni. Akapongezwa kwa kutii sheria, akafutwa miongoni mwa wenye haki.

Wa tatu alikuwa Sareto. Hidaya, aliyekuwa amekaa nyuma, akainuka nusu, lakini Sareto hakumtazama.

"Unaishi wapi, mama?"

"Waulizeni waliokuwa wakinichomea nyumba. Wao hawakuwahi kupotea njia."

Pembeni alisimama Sajenti Kwiri, mtu mnene wa makamo aliyeongoza uchomaji huo tangu akiwa koplo, na ambaye hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake. Moyo ukamjaa. Akapiga hatua mbele, akapiga saluti.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nyumba ya mama huyu naijua vizuri. Iko chini ya mvule mkubwa, mlango umetazama kijito. Nimeichoma kila mwaka, kwa mkono wangu. Paa lake huanza kushika upande wa kushoto. Na za wenzake nazijua zote, naweza kuwaonyesheni moja moja. Sijawahi kukosa kiangazi hata kimoja, hata mwaka niliokuwa na malaria!"

Akabaki kifua mbele, akisubiri pongezi. Wajumbe wakatazamana. Ushahidi wa askari wa serikali, akiwa kazini na sare yake, Tume haiwezi kuukataa. Sheria ndivyo isemavyo. Hidaya akaisoma sheria hiyo kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji wa moto. Ikabidi ikubaliwe kwamba Wasolole wanaishi Solole.

Lakini Lobiku hakurudishwa. Alipelekwa mahali ambapo, kwa maelezo ya Tume, alikuwa anastarehe.

*

Wiki iliyofuata wizara ilileta madebe ya rangi nyekundu, rangi ya mafuta, na vijana wenye brashi. Wasolole wakaambiwa waonyeshe miti yao yenye wahenga, ili kila mmoja upigwe alama ya msalaba, alama ya heshima, ijulikane ni mali yao milele.

Watu walifurahi, siwezi kusema uongo. Wazee waliwashika mikono vijana wale wakawapeleka ndani kabisa, mahali ambapo hata watoto wao wenyewe hawajafikishwa. "Huyu ni Matindi, mama yake baba. Huyu ni Sokoro, aliyekufa kwa njaa kubwa." Vijana wakapaka msalaba, wakapima unene wa shina kwa kamba, wakaenda kwa mwingine.

Sareto aliwafuata nyuma, kama alivyoshauriwa. Walipofika kwenye kaburi la mumewe, palikuwa na mkangazi mwembamba, uliopinda.

"Huu hapana," kijana mmoja alisema.

"Ndiko aliko mume wangu."

"Pole, mama. Lakini umepinda."

Sareto akasimama pale baada ya wao kupita. Alihisi baridi ya ghafla, kama mtu aliyekanyaga maji gizani. Hakuwahi kusikia kwamba heshima huangalia unyofu wa shina.

Jioni ile aliwaambia wenzake wasionyeshe mti mwingine tena. Asubuhi yake wizara ikamtumia salamu: Lobiku anaendelea vizuri, na ataendelea vizuri zaidi kazi ya alama ikimalizika. Sareto alikaa juu ya jiwe la kijitoni mpaka jua likapanda. Kisha akaenda mwenyewe kuwaonyesha miti iliyobaki, akiitaja kila mmoja kwa jina, na kila baada ya jina akisema, "Unisamehe."

*

Sajenti Kwiri alimkuta Sareto akirina, mchana, huku nyuki wakimvumia kichwani. Alivaa nguo za kiraia, na bila sare alionekana kama mtu aliyesahau kuvaa suruali. Tangu siku ya ushahidi wenzake walikuwa hawali naye meza moja.

"Mama," alisema kutoka mbali, akiwaogopa nyuki, "mwaka huu hatukuambiwa tuje na viberiti."

"Mmeambiwa mje na nini?"

"Malori."

Sareto akateremka mtini polepole.

"Siku ya sherehe mtapewa hati ya msitu, mbele ya wageni," Kwiri aliendelea. "Wageni wakishaondoka, ninyi nyote mtapakiwa. Mnapelekwa mafunzoni."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya kusimamia msitu. Sheria inasema msimamizi lazima afunzwe."

"Wapi huko?"

"Mkalale."

"Mkalale ni jangwa, Sajenti. Huko kuna msitu gani wa kujifunzia?"

Kwiri akatazama chini. "Ndiyo sababu mafunzo yenyewe hayana mwisho."

Nyuki mmoja akatua shingoni mwake. Hakumfukuza.

"Na miti yenye msalaba?"

"Hiyo ndiyo itakayokatwa kwanza."

"Kwa nini unaniambia?"

Sajenti alifikiri kwa muda mrefu. Hakuwa mtu wa kufikiri, ilionekana kumuuma. "Mimi nilichoma nyumba," alisema hatimaye, "lakini mlikuwa mnajenga tena. Kila mwaka nikija nawakuta. Sikuwahi kudhani iko siku nitakuja nisimkute mtu."

*

Sherehe ilifana. Waziri wa Misitu na Mbao, Mheshimiwa Daktari Tambarare Fumbwe, aliteremka kwenye gari refu akiwa amevaa shada la majani ya plastiki, kwa kuwa majani halisi humwasha. Wageni walikaa kivulini. Mkubwa wao alikuwa balozi, mama mmoja mpole aliyejifunza lugha yetu vitabuni, hivyo alielewa kila neno na kuliamini.

Mheshimiwa alihutubia mpaka vivuli vikahama. Alisema mti ni rafiki wa mwanadamu, na mwanadamu ni rafiki wa serikali, kwa hiyo mti ni mtumishi wa umma. Alisema kwa moyo wake wa huruma amemwachia huru ndugu Lobiku. Lobiku akaletwa mbele, amevalishwa suti inayompwaya. Wageni wakapiga makofi. Sareto alimtazama shemeji yake usoni, akaona kwamba mtu aliyekwenda na pingu huku akitabasamu hakuwa ndiye aliyerudi. Lobiku alisimama akiwa ameshika vifundo vya mikono yake, na mtu akikohoa alishtuka.

Sareto akaitwa kupokea hati. Aliipokea kwa heshima, akaomba kusema neno moja.

"Mama Balozi, umeziona zile alama nyekundu mitini?"

"Nimeziona," alisema Balozi. "Nzuri sana. Maana yake nini?"

"Mheshimiwa Waziri ndiye mwenye alama. Yeye atueleze."

Mheshimiwa akasimama tena. Hakuna aliyewahi kumwalika kusema akakataa. "Hizo ni alama za heshima!"

"Tunashukuru," alisema Sareto kwa sauti yake ya chini, na watu wakanyamaza ili wamsikie. "Sisi ni watu wa porini, hatujui sheria. Tunaomba utamke mwenyewe, mbele ya wageni, kwamba chenye alama hiyo hakikatwi."

Hapa inafaa nieleze kwamba katika nchi hiyo, neno la waziri likitamkwa jukwaani, bendera ikipepea, ni amri ya serikali mpaka Mtukufu Rais alifute. Mheshimiwa alilijua hilo. Pia aliona kamera, akaona Balozi ameinamisha kichwa upande mmoja akimsubiri. Waliokaa karibu naye wanasema jasho lilimtoka. Lakini maneno matupu kwake yalikuwa kama mteremko kwa gari lisilo breki.

"Hakikatwi!" akanguruma. "Na si mti tu! Natamka kwamba chochote chenye rangi nyekundu ndani ya msitu huu, kiwe mti, jiwe, nyumba au kiumbe, hakikatwi, hakiguswi, wala hakihamishwi na mkono wa mtu yeyote!"

Makofi yakalipuka. Hidaya Ngonde hakupiga. Alikuwa anaandika kila neno, kwa haraka.

*

Wageni walipoondoka, malori yalikuwa yameshapangwa barabarani. Sajenti Kwiri akaingia msituni na kikosi chake kuwatoa watu. Akakuta Wasolole wameyamaliza madebe ya wizara. Miti yote ilikuwa myekundu, minyofu na iliyopinda. Rangi ya mafuta ilipokwisha walichimba udongo mwekundu kijitoni, wakapaka nyumba, mizinga, mbuzi, kisha wakajipaka wao wenyewe kuanzia utosini. Walikuwa wamekaa chini, kimya, wake kwa waume, wazee na vichanga, wekundu watupu. Hata nyuso hazikutambulikana.

Askari wakasimama.

"Tuwachukue, Afande?" mmoja aliuliza.

Kwiri akawatazama. Akamwona mmoja mrefu kuliko wengine, akajua ni nani.

"Amri ya Mheshimiwa Waziri inasemaje?"

"Hakiguswi wala hakihamishwi, Afande."

"Basi umejibu," alisema Sajenti, akakigeuza kikosi.

Kesho yake aliitwa makao makuu kwenda kupewa nishani. Lazima nishani hiyo ni nzito mno, maana mpaka leo hajaweza kurudi nayo. Mheshimiwa Waziri naye alipandishwa cheo, akawa balozi katika nchi ya barafu, na jina lake likaondolewa kwenye vitabu vya shule ili watoto wasimwonee wivu.

Lakini amri haikufutwa. Kuifuta kungewafikia wageni, na Mtukufu alikuwa ameshaalikwa mkutano mwingine. Kwa hiyo serikali haikukasirika. Serikali yetu haikasiriki, husubiri. Malori hayakuondoka barabarani. Madereva walikaa kwenye vivuli vyake wakitafuna miwa, na kila baada ya muda mmoja wao alitoka akatazama juu.

Kisha redio ikatangaza maombi ya kitaifa ya mvua.

Mashekhe waliitwa, maaskofu wakaitwa, waganga wa mvua wakatumiwa ndege. Nchi nzima ilipiga magoti kwenye viwanja vya mpira, Mtukufu akiwa mbele, na wakulima walilia kwa furaha kuona jinsi wanavyofikiriwa. Hidaya alikimbilia mahakamani kuomba zuio, Wasolole wasiondolewe. Jaji alimsikiliza kwa upole, akapanga kesi isikilizwe masika yakiisha.

"Kwa nini masika yakiisha, Mheshimiwa?"

"Kwa sababu wakati huo," alisema Jaji, "mambo yatakuwa yamejisafisha yenyewe."

Hidaya akaenda Solole na habari hiyo, akaisema akiwa amesimama, maana hakuweza kukaa. Hakuna aliyemlaumu. Lobiku, ambaye tangu arudi alikuwa hajasema maneno mawili, akautazama mvule wa nyumbani, kisha akautazama mkono wake.

"Wafu wetu wana rangi ya mafuta," alisema. "Sisi tuna udongo."

Sareto alikuwa ameshaanza kuyeyusha nta. Alikuwa amevunja mizinga yake yote, ile ya mumewe pia, na nyuki walizunguka juu ya moto wasijue pa kutua. Akakoroga udongo ndani ya nta mpaka ukawa mzito. Akamshika Lobiku mkono, akampaka kuanzia kiwikoni mpaka kwenye vifundo, palipokuwa na makovu, naye Lobiku akauacha mkono bila kushtuka.

Wingu lilitoka upande wa mashariki, zito, likashuka chini sana. Watu ambao maisha yao yote walikuwa wakiishangilia mvua walitoka nje wakaitazama mikono yao yenye udongo. Huko barabarani lori moja likawashwa. Kisha la pili.

Tone la kwanza likamwangukia Lobiku mkononi. Yeye na Sareto wakainama kulitazama. Likasimama juu ya wekundu ule, likatetemeka, halafu likateleza likaanguka chini, safi kama lilivyotoka mawinguni.

Hidaya akatoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko. Lakini Sareto alikuwa anatazama ndani ya chungu.

"Haitatosha wote," alisema.

Lobiku akakichukua chungu kwa mikono miwili, kikiwa bado cha moto.

"Tuanze na watoto, shemeji," akasema, na akaanza kuwaita kwa majina.